Voi Juu ya Mbao Mbili

Wahenga walinena kuwa ukiona vyaelea, vimeundwa. Methali hii imetumika mno katika insha zetu hata imekuwa nadra mtu kusita na kujiuliza: vimeundwa na nani, kwa mbao zipi, na hatima yavyo huwa nini vikikoma kuelea? Maswali hayo matatu yalinishughulisha kuanzia mwaka 2019 hadi mwaka 2024, muda ambao niliunda, nikaonyesha na hatimaye nikaivunja reli yangu ya kwanza ya mfano. Wanachama wenzangu wamenihimiza niyaandike niliyoyapitia, nami nimekubali kwa sababu moja kuu: kazi hiyo niliyoianza kwa msumeno na gundi iliishia katika lugha.

Yamkini msomaji atauliza reli ya mfano ni nini. Ni reli kamili kwa umbo na kwa utendakazi, ila imepunguzwa vipimo. Ina njia, stesheni, mabehewa na kichwa kinachojiendesha kwa umeme unaopita katika reli zenyewe. Huko Ulaya na Marekani wapo watu wazima wanaoikuza sanaa hii maisha yao yote. Kwetu ni jambo geni, na wengi walioniona nikiinamia meza yangu walidhani nimerudia utoto. Sikuwalaumu. Hata hivyo, tofauti ya kichezeo na mfano ni kubwa. Kichezeo hakiwajibiki kwa kitu chochote kilichoko duniani, ilhali mfano hauna budi kujibu kila anapotokea mtu anayekijua kile ulichokiiga.

Nami nilichagua kuiga stesheni ya Voi, mji nilikozaliwa. Reli iliyoanza kujengwa Mombasa mwaka 1896 ilifika Voi mwaka 1897, ikapita kuelekea Nairobi ilikofika mwaka 1899, na ikakomea Kisumu mwaka 1901. Lakini Voi haikubaki kuwa mapitio tu. Vita Vikuu vya Kwanza vilipozuka, Waingereza walianza mwaka 1915 kuichepua njia nyingine kutoka Voi kuelekea Maktau, ili wapeleke askari, maji na chakula mpakani mwa himaya ya Wajerumani. Baada ya mapigano ya mwaka 1916 katika vilima vya Salaita na Latema, njia hiyo ilivutwa kupita Taveta hadi ikakutana na reli ya Wajerumani iliyotoka Tanga kwenda Moshi. Muungano huo uliwezekana kwa kuwa reli za pande zote mbili zilikuwa na upana mmoja, yaani mita moja. Baadaye njia iliyozaliwa na vita ikawa ya mkonge, ya wafanyabiashara na ya jamaa waliotembeleana. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977, mpaka ulifungwa, haukufunguliwa tena hadi mwaka 1983. Voi basi ni njia panda katika maana zote za neno hilo, na njia panda ina mengi ya kusimulia kuliko njia iliyonyooka.

Sababu ya pili ilikuwa mjomba wangu. Alikuwa gadi, yaani yule mhudumu wa reli anayesafiri katika behewa la nyuma na kuisimamia safari nzima. Yeye mwenyewe alizoea kusema, "Dereva anaendesha kichwa, gadi anaendesha safari." Alipostaafu alirudi Voi, akalima mahindi na kunde, na habari za reli hakuzizungumza. Nilipomweleza nia yangu alinitazama kwa muda mrefu, kisha akasema, "Mpwa wangu, reli si mchezo. Reli huua watu." Akaendelea na palizi yake.

Kazi ilianza kwa hesabu. Mhadhiri mmoja aliyewahi kusoma Ujerumani alinipa sanduku lenye njia za plastiki na chuma, magurudumu, na mota mbili ndogo za vichwa vya treni. Upana kati ya reli hizo ulikuwa milimita 9. Katika vipimo ambavyo viwanda huko hutumia, yaani moja kwa 160, milimita 9 huwakilisha reli ya upana wa milimita 1,435, ambayo ndiyo ya SGR iliyozinduliwa nchini Mei 31, 2017. Lakini nilipogawa milimita 1,000 za reli yetu kongwe kwa milimita 9, nilipata takriban 110. Maana yake ni kwamba vyuma vilevile, bila kuvigusa, vingeweza kuwa reli mpya au reli kongwe, kulingana na ukubwa wa nyumba, miti na watu nitakaowapanga kando yake. Nilikaa na jambo hilo kwa siku kadhaa. Nikaamua kwamba katika meza yangu kila kitu kitakuwa moja kwa 110. Mtu mzima angekuwa na kimo cha milimita 15 na ushei.

Vipimo hivyo vilinifunza pia kukata tamaa kwa adabu. Nilitamani mno kuunda kichwa kimoja cha aina ya Garratt, yale madubwana 34 ya mvuke yaliyoundwa Manchester katika miaka ya 1955 na 1956 na kupewa majina ya milima. Kimoja chayo, kiitwacho Mount Gelai, kimo katika Makumbusho ya Reli jijini Nairobi. Urefu wake ni zaidi ya mita 31, hivyo kwangu kingekuwa na sentimita 28, nacho kisingeweza kupinda katika kona za meza yangu. Nikaridhika na kichwa cha dizeli, ambacho kiwiliwili chake nilikiunda kwa kadibodi na bati jembamba.

Ubao wa plaiwudi wa futi 8 kwa 4 niliupasua katikati kwa urefu. Nusu moja nikaigawa tena mara mbili, nikapata mbao mbili za sentimita 122 kwa 61 zinazofungwa pamoja kwa bolti. Zikiunganishwa, zilitosha kubeba mita 268 tu za ardhi ya Voi, ilhali stesheni halisi na njia zake za kando hupita hapo kwa mbali. Ilinibidi kuchagua. Safari ya abiria ya mabehewa kumi na zaidi ikawa ya mabehewa matatu. Njia za kando zikapungua zikawa mbili. Nyuma ya meza nikasimamisha ubao mrefu niliouchora mlima Sagalla, na nyuma ya mlima huo treni ilizunguka kwa siri na kurudi upande wa pili, ili mtazamaji aamini kuwa imetoka Mombasa.

Vyuo vilipofungwa Machi 2020 kwa sababu ya korona, nilirudi nyumbani na mbao zangu, na huko ndiko kazi kubwa ilikofanyika. Mataruma ya plastiki yalikuwa yamebanana mno kwa vipimo vyangu, basi niliyakata moja moja, nikayatenga, na kuyapaka rangi ya kutu kwa kuwa mataruma ya reli yetu ni ya chuma. Kwa kokoto nilitumia vumbi la mawe nililolichekecha kwa soksi. Nililimwaga baina ya mataruma, nikalilowesha kwa gundi nyeupe iliyochanganywa na maji na tone la sabuni, kwani bila sabuni maji hukataa kupenya. Nyasi nilizitengeneza kwa nyuzi za katani za mkonge wa Mwatate, zilizokatwa hadi milimita 3. Migunga ilikuwa ya waya uliosokotwa. Ama ule udongo mwekundu ambao kila aliyepita Voi huondoka nao nguoni, sikuwa na haja ya kuuiga, niliuchota uani. Ilinilazimu tu kupitisha sumaku juu yake mara kadhaa kabla ya kuutumia, kwa kuwa una chembechembe za chuma, na chembe hizo hunaswa na sumaku ya mota na kuiharibu.

Jioni moja mwezi wa Septemba, mjomba aliingia kimya chumbani treni ikizunguka. Alisimama akaitazama ikiingia stesheni na kutoka, ikiingia na kutoka. Kisha akauliza, "Gari hili nani amelipa ruhusa?"

Sikuwa na jibu. Akavuta kigoda, akanieleza kwa saa nzima. Mahali penye njia moja tu, alisema, hatari kubwa ni magari mawili kukutana uso kwa uso. Kwa hiyo gari haliondoki stesheni mpaka stesheni ya mbele imekiri kwamba kipande cha kati ni kitupu. Dereva naye, hata akiwa na ruhusa hiyo mkononi, haondoki mpaka gadi ahakikishe kuwa milango imefungwa, mizigo imepakiwa na taa ya nyuma iko mahali pake; ndipo gadi apeperushe bendera ya kijani. Taa ya nyuma niliidhani ni pambo. Kumbe ndiyo inayomthibitishia mhudumu wa stesheni kwamba gari limepita lote, halikuacha behewa porini.

Tangu siku hiyo meza ilibadilika. Mjomba aliandika ratiba katika daftari, akakata bendera ya kitambaa ya ukubwa wa kiganja, na mimi sikuruhusiwa kugusa swichi kabla hajaipandisha. Treni ambayo awali ilizunguka bila kikomo sasa ilisimama kuliko ilivyokwenda. Nilipolalamika kwamba watazamaji watachoka, alijibu kuwa kusubiri ni nusu ya kazi ya reli. Ndipo naye alipoanza kuzungumza: juu ya usiku wa Maktau, juu ya tembo waliosimama njiani, juu ya mwenzake aliyeponyokwa na mguu baina ya mabehewa mawili mwaka ambao hakuutaja. Hapo nikaelewa kwa nini aliniambia reli si mchezo.

Onyesho la kwanza lilifanyika chuoni Julai 7, 2022, siku ambayo Siku ya Kiswahili Duniani iliadhimishwa kwa mara ya kwanza. Mbao mbili zilisafiri kwa basi zikiwa zimetazamana na kutenganishwa kwa vipande vya mbao, mithili ya kasha, ili stesheni isipondwe. Kwa kuwa lilikuwa onyesho la chama chetu, nilibandika vibao vya majina kwa Kiswahili pekee: tuta, kokoto, taruma, behewa, gadi. Vibao hivyo vilizua mjadala kuliko treni yenyewe. Wengi walishangaa kusikia kwamba behewa, kabla ya reli kufika pwani, lilikuwa jina la sehemu ya ndani ya nyumba; kwamba aliyeliita gari hilo behewa mara ya kwanza aliona chumba kinachotembea.

Ubishi mkubwa ulikuwa juu ya pale mahali reli moja inapogawanyika kuwa mbili. Mimi niliandika "kigeuza-njia". Mwenzangu wa isimu akapendekeza "panda ya reli". Wa tatu akataka "kichepusho". Tulipokwisha kuchoshana, mjomba, aliyekuwa ameketi kwenye mwisho wa meza na bendera yake, akasema kwamba wao kazini waliita "pointi", na aliyeisimamia alijulikana kwa kazi hiyo hadi kaburini. Ukumbi ulicheka, lakini mimi nilikata kibao kingine na kuandika majina yote mawili. Istilahi inayoundwa na wasomi ina heshima yake. Hata hivyo, haifai kumnyang'anya mfanyakazi neno alilolitokea jasho. Mwisho wa siku nilikuwa nimenunua daftari la pili, na juu ya jalada nikaandika: Maneno ya Reli.

Onyesho la pili lilikuwa Voi, Disemba mwaka huohuo, katika ukumbi tulioazimwa. Hapo ndipo nilipoiona maana ya mgeni njoo, mwenyeji apone. Wazee waliokuwa madereva, wanyapara wa magenge ya kutengeneza njia, makarani wa tikiti na wake zao walikuja wakaizunguka meza. Tangi la maji la enzi za mvuke sikuwa nimelibandika kwa gundi, kwani sikuwa na hakika lilisimama wapi. Mzee mmoja alilisogeza kusini. Baada ya robo saa mwingine akalirudisha kaskazini, akiapa kwamba alijaza maji hapo kwa miaka. Walibishana hadi chai ikapoa. Mimi niliandika kauli zote mbili na kuliacha tangi lilipoachwa na wa mwisho.

Kisha akaja mama mmoja mwenye umri mkubwa aliyewahi kuuza mayai na ndizi kwa abiria. Nilikuwa na sanamu ndogo za udongo, nikamwomba aipange moja pale alipozoea kusimama. Nilitarajia angeiweka jukwaani, mbele ya ofisi ya stesheni. Aliiweka upande wa pili wa njia, katikati ya mataruma na nyasi za katani. Nilipomuuliza sababu, alinijibu kama anayemweleza mtoto: abiria hufungua madirisha upande wenye kivuli, na jua la saa tisa liko upande wa jukwaa. Hakuna picha wala ramani ambayo ingenifunza hayo.

Mjomba alifariki Agosti 2023. Nilikuwa na mwaliko wa onyesho la tatu, Februari 2024, nikaenda pamoja na binamu yangu. Treni ilikwenda vizuri. Binamu alishika bendera, na kwa nusu saa ya kwanza tulifuata ratiba. Lakini watoto walitaka mwendo, waandalizi walitaka kelele, nasi hatukuwa na ile sauti ya kumwambia mtu mzima asubiri. Kufikia adhuhuri treni ilikuwa ikizunguka nyuma ya Sagalla bila kukoma, na bendera imelala mezani. Wageni walifurahi. Mimi niliiona ile meza ya kabla ya Septemba 2020.

Fauka ya hayo, uzee ulikwisha kuingia. Joto na safari vilikuwa vimezipinda mbao, hata reli za upande mmoja hazikulingana tena na za upande wa pili. Brashi za mota zilikuwa zimelika. Aprili 2024 niliwaambia jamaa kwamba nakusudia kuivunja.

Haikupokelewa vyema. Binamu zangu walisema meza hiyo ndiyo kumbukumbu pekee ya baba yao iliyobaki, na kwamba kuivunja ni kumzika mara ya pili. Mkaza-mjomba alipendekeza itiwe ndani ya kioo na kuwekwa sebuleni. Mama yangu alinyamaza, na kimya chake kilinilemea kuliko maneno ya wengine. Niliwasikiliza wote. Nikawaeleza kwamba mjomba hakuipenda meza hii ilipokuwa ya kutazamwa. Aliipenda ilipoanza kufanya kazi. Alichotuachia ni ile taratibu: nani ametoa ruhusa, taa ya nyuma iko wapi, milango imefungwa. Mambo hayo hayawezi kukaa ndani ya kioo. Tukiiacha meza igande sebuleni, mchwa wataila pole pole, nasi tutakuwa tumehifadhi mbao na kupoteza safari.

Mkaza-mjomba alikaa kitambo, kisha akasema, "Basi stesheni niachie mimi."

Tulivunja kwa siku mbili, tukifuata kinyume cha mpangilio wa ujenzi. Miti kwanza, kisha majengo, kisha reli, ambazo tulizilegeza kwa maji ya moto bila kuzikata. Udongo mwekundu tuliurudisha uani. Binamu walichukua mabehewa, kila mmoja lake. Mlima Sagalla ulikwenda katika shule ya msingi iliyo jirani. Stesheni iko juu ya kabati la mkaza-mjomba, na bendera iko kando yake. Mimi nilibaki na reli, mota moja na daftari mbili: ile ya ratiba na ile ya maneno.

Nimeanza kupima mbao nyingine, safari hii za kituo cha Maktau, mahali penye majengo machache na historia nzito. Lakini si hilo ninalotaka kulisisitiza kwa wanachama wenzangu. Katika daftari la maneno mna maingizo 71 kutoka vinywani mwa watu wasiozidi 20, na kati ya watu hao watatu wameshatangulia mbele ya haki. Sisi wanafunzi wa Kiswahili hutumia muda mwingi kuunda istilahi za vitu vipya, jambo ambalo ni la lazima. Aidha, tunapaswa kukumbuka kwamba maelfu ya Wakenya wamefanya kazi za reli, bandari, viwanda na mashamba kwa Kiswahili, wakayaita mambo kwa majina, na majina hayo hayajaandikwa popote. Si lazima uunde reli ili uyapate. Likizo hii mwendee mzee wa kwenu, umuulize kazi yake ilifanywaje, hatua kwa hatua, na umwache ayapange maneno pale yalipokuwa. Nenda na daftari, wala usimharakishe. Kusubiri ni nusu ya kazi.